Barua ya wazi kwa wasimamizi wa Mfereji wa Rideau: barafu ikikataa, tupeni pa kukaa

Kwa waheshimiwa mnaosimamia Mfereji wa Rideau na kingo zake,
Ottawa, Kanada.

YAH: OMBI LA BARAZA KANDO YA MFEREJI MSIMU WA BARIDI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ndivyo nilivyofundishwa kuanza barua ya kiofisi nikiwa shule ya msingi Tanga, na mwalimu wetu hakuwa na mchezo. Ukianza na "habari za siku nyingi" alikukata alama mbili. Basi haki ya mwalimu nimeshaitoa. Sasa, habari za siku nyingi? Habari za theluji?

Mimi ni mhudumu wa wazee majumbani. Niliingia mji huu mwezi wa kumi na moja, mwaka 2012, nikiwa na sweta moja ambayo shangazi yangu aliniapia kuwa ni nzito. Kuteleza kwenye barafu sijui, na sitajua. Nilijaribu mara moja tu. Nilikodi viatu vya kutelezea kwenye kibanda fulani, nikapewa vilivyonipwaya, na kwa haya za ugeni nikasema vinanitosha. Nikasimama, nikapiga hatua moja. Ya pili sikumbuki ilikwendaje. Aliyekuja kuniinua alikuwa mtoto wa miaka mitano hivi. Alinielekeza kwa upole kabisa: piga magoti kwanza, simamisha mguu mmoja, haya, sasa wa pili. Nikamwambia ahsante mwanangu, nikavua viatu pale pale, nikarudi kibandani na soksi.

Kwa hiyo barua hii msiipokee kama ya mtelezaji. Ni ya mtu anayekaa.

Na nakaa kweli. Tangu 2019 namhudumia bibi mmoja ambaye nyumba yake iko dakika kumi kwa miguu kutoka mferejini. Jina lake nalihifadhi, mwenyewe hapendi kutajwatajwa, nami humwita Bibi tu, naye amezoea. Siku hizi magoti yake yamegoma, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Lakini mwaka 1971, mlipofungua barafu hii kwa mara ya kwanza, alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo mwenye miguu ya kukimbiza watoto. Anasema alikuwapo wikiendi ile ya kwanza ya barafu, pamoja na watu wengine 50,000. Kila ikifika Krismasi huanza kuniuliza leo imepandishwa bendera gani, kama watu wa kwetu wanavyoulizana asubuhi kama bahari imechafuka.

Kwa wasomaji wangu wa nyumbani ambao barua hii itawafikia kabla ya wakubwa (najua tabia zenu), niwaeleze kidogo. Katikati ya Ottawa unapita mfereji uliochimbwa na watu. Baridi ikikaza, maji yake huganda, na kilomita 7.8 za mfereji huo hugeuka barabara ya barafu, toka karibu na ukumbi wa sanaa wa taifa katikati ya mji, kupitia ziwa la Dows, hadi kwenye milango ya maji ya Hartwells, ile inayopandisha na kushusha mashua. Watu wanateleza juu yake usiku na mchana, bila kiingilio. Bendera ya kijani maana yake shukeni. Nyekundu maana yake bakini juu.

Niwape siku moja ya kijani mwone ninachokisema.

Januari 2025 barafu ilifunguliwa tarehe 11, nasi tukaenda siku chache baadaye, saa nane mchana, nyuzi 14 chini ya sifuri. Kumvalisha Bibi ni kazi ya nusu saa: soksi pea mbili, suruali ya sufu ndani ya nyingine, skafu, kofia ya masikio, chupa ya maji ya moto miguuni, blanketi juu ya yote. Mimi siri yangu ni kanga. Nafunga doti nzima kiunoni kabla ya koti. Sijaona koti la Kanada linalozuia upepo wa kiunoni kama kanga, na hili nalisema kwa uzoefu wa miaka.

Kabla hujaiona barafu, unaisikia. Ukikaribia daraja la Pretoria sauti inapanda toka chini, krrr, krrr, krrr. Mara ya kwanza nilipoisikia nilisimama njiani, maana ile sauti naijua. Ni ya kukuna nazi. Si mbuzi moja: ni mbuzi mia, wanawake wamekaa uani alfajiri wanakuna nazi ya pilau ya harusi, kila mmoja na mwendo wake. Na ukishuka ukatazama nyuma ya visu vya viatu, unga wa barafu unaobaki ni mweupe na wa chengachenga, nazi tupu. Ningekuwa na chujio ningekamua tui.

Tuliteremka penye mteremko wa magurudumu, nikamweka Bibi pembeni, tumeupa upepo mgongo. Akapita karani mwenye suti chini ya jaketi, begi mgongoni, anatoka kazini kwa miguu yake ya chuma na hana hata haraka. Akapita mama anasukuma kigari cha mtoto, mwenyewe yuko juu ya visu na mtoto amelala. Wakapita wanafunzi watatu wameshikana mikono, mmoja wa rangi yangu, na ule uso wake wa kusali chini kwa chini niliutambua, nikamwombea dua. Kisha akapita mzee mmoja aliyefunga mikono nyuma ya mgongo, anateleza taratibu kama anavyotembea mzee wa kwetu akitoka msikitini baada ya alasiri. Bibi alikuwa amefumba macho.

"Barafu ya leo nzuri," akaniambia.

"Umejuaje na hujaitazama?"

"Haina sauti ya maji."

Tulinunua BeaverTails moja tukagawana. Hii nayo niwaeleze wa nyumbani: ni andazi lililovutwa likawa bapa na refu kama mkia wa yule mnyama anayejenga mabwawa, likakaangwa, likamwagiwa sukari na mdalasini. Marehemu mama yangu angelionja akasema lina kila kitu isipokuwa iliki. Mimi hubeba chupa ya chai ya tangawizi, na ukweli niuseme: andazi lile na chai ile, kwenye baridi ya nyuzi 14, huku nazi inakunwa mbele yako, hakuna baraza la pwani lililonipa raha zaidi. Tulikaa dakika hamsini. Kwa Bibi hiyo ni rekodi.

Hiyo ndiyo kazi ya mikono yenu, na nawashukuru kwa dhati. Najua haiji yenyewe. Nimewaona usiku nikirudi zamu: wanaume kwa wanawake wanatoboa barafu, wanapampu maji ya chini yaje juu yagande tabaka jingine, magari ya theluji yanakwenda na kurudi chini ya taa. Najua kuwa barafu inatakiwa kufika unene wa sentimita 30 hivi kabla hamjathubutu kuwaita watu, na kwamba hilo linahitaji siku nyingi mfululizo za baridi kali. Na nimejifunza jambo ambalo mtoto wa Tanga asingelijua kwa akili yake: kwamba theluji ni adui wa barafu. Nilidhani ni ndugu. Kumbe theluji ikilala juu ya barafu changa inakuwa blanketi, inazuia ubaridi usishuke kwenye maji, na chini yake barafu inabaki nyembamba na yenye uji. Ndiyo maana mnashirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Carleton, mkajaribu hata viroboti vya kuondoa theluji mapema, kabla barafu haijaweza kubeba gari. Endeleeni. Sina neno na viroboti.

Neno langu linaanzia kwenye bendera nyekundu.

Majira ya baridi ya 2022 kwenda 2023 mnayakumbuka. Januari ikapita, bendera nyekundu. Februari ikaingia, nyekundu. Tarehe 24 Februari likatoka tangazo kwamba mwaka huo barafu haitafunguliwa kabisa, jambo ambalo tangu 1971 halijawahi kutokea. Mwaka uliofuata ikafunguliwa siku za kuhesabu kwa vidole, ikafungwa, ikafunguliwa tena kidogo. Kisha 2025 ikarudi vizuri, tukafurahi wote. Lakini ninyi mna vipimo na wataalamu, mnajua kuliko mimi kwamba miaka ya nyekundu haikuja kusalimia tu ikaondoka.

Siku mbili baada ya lile tangazo, Bibi alitaka twende. Nikamwambia Bibi, hakuna kitu kule. Akasema, "Mfereji haupo?" Sikuwa na jibu. Nikamvalisha, nusu saa ile ile, soksi zile zile.

Tulikuta maji ya kijivu, vipande vya barafu vimekaa hovyo kama sahani zilizovunjika, na ukimya. Krrr haikuwepo. Nikatafuta pa kumweka. Benchi la kwanza lilikuwa limezama kwenye theluji mpaka kwenye mgongo. La pili nililifukua kwa mguu na kwa mfuniko wa chombo cha chakula, nikapata nafasi ya tako moja, la kwangu. Kiti cha Bibi ikabidi kikae njiani, mbele yangu, kwa hiyo tulikaa kama abiria wa daladala, mmoja anaona kisogo cha mwenzake. Upepo ulikuwa unakuja moja kwa moja toka majini. Joto lilikuwa halijafika hata nyuzi 5 chini ya sifuri, siku ya kawaida kabisa kwa Februari ya hapa, na bado Bibi vidole vilianza kuuma, kwa sababu hapakuwa na ukuta wa kujikinga wala mlango wa kuingia tukapashe mikono.

Hatua chache toka tulipokuwa alisimama mwanamume mmoja na viatu vyake vya kutelezea vimening'inia begani kwa kamba. Tangazo lilikuwa limeshatoka kwenye redio, kwenye simu, kila mahali. Alikuja navyo hivyo hivyo. Alisimama anayatazama maji kama mtu aliyefika msibani akakuta wameshazika. Tulisalimiana kwa kichwa.

Tulidumu dakika tisa. Katika dakika hizo tisa walipita watu kumi na saba. Niliwahesabu kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine. Kumi na saba, siku ambayo hapakuwa na barafu, hapakuwa na andazi, hapakuwa na muziki wala mahali pa kuweka mfupa. Wote walipunguza mwendo wakatazama maji, wote wakaondoka, kwa sababu utasimama mpaka lini?

Waheshimiwa, watu wale walifuata nini? Mimi najibu: walifuata mfereji. Barafu ni nguo yake ya sikukuu, lakini hata sisi tusiokuwa na nguo ya sikukuu tunatembeleana.

Kwetu pwani nyumba ya kiungwana haiishii mlangoni. Nje ya mlango kuna baraza, benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta, ndani ya kivuli. Baraza si la mwenye nyumba peke yake. Mpita njia anakaa, mzee aliyechoka anakaa, mwenye habari anakaa na asiye na habari anakaa azipate. Wavuvi wasipokwenda baharini kwa sababu pepo zimekaa vibaya, hawajifungii ndani. Wanakaa pale wanaitazama bahari ile ile iliyowakatalia, wanaitukana kidogo, wananywa kahawa. Hata siku ambayo bahari haitoi samaki, inatoa watu.

Ninachoomba ni baraza. Kichwa cha habari nimekiandika hivyo makusudi, wala msikitafute kwenye kamusi ya siasa mkadhani nawaomba baraza la mawaziri.

Najua kuna mtu ofisini atasema mfereji huu wakati wa baridi ni wa kutelezea, ndivyo ulivyo. Huyo namjibu kwa historia yake mwenyewe. Mfereji huu haukuchimbwa kwa ajili ya raha ya mtu yeyote. Ulichimbwa kati ya 1826 na 1832 chini ya ofisa wa jeshi la Uingereza, John By, kwa sababu baada ya vita vya 1812 Waingereza waliogopa kwamba Wamarekani wangeweza kuwakatia njia ya Mto St. Lawrence. Wakataka njia ya nyuma ya kupitisha askari na mizigo, kilomita 202 toka hapa hadi Kingston. Ile ngazi ya milango minane ya maji kati ya Bunge na hoteli ya Château Laurier, ambayo watalii wanapigia picha, ilikuwa mlango wa kijeshi.

Na waliochimba? Waayalandi na Wafaransa wa Kanada kwa wingi, watu wa chepeo na toroli. Takriban 1,000 walikufa. Bibi aliponiambia kwamba moja ya sababu kubwa ilikuwa malaria, nilicheka kwa sauti, nikadhani ananitania Mtanzania. Malaria, Kanada! Nikaenda kusoma, nikakuta kweli. Kwenye vinamasi vya upande wa kusini mbu walikuwa wanawamaliza kila kiangazi, na kwinini ilikuwa dawa ya mwenye pesa. Tangu siku hiyo nikipita kwenye ule msalaba wa mawe wa kuwakumbuka, jirani na milango ya maji, nasimama kidogo. Homa ile naijua. Nimeipata mara nyingi kuliko nilivyoteleza kwenye barafu.

Basi vita vyenyewe havikuja, na askari wa kupitishwa hawakuwepo. John By aliitwa London kujibu kwa nini alitumia pesa nyingi kuliko alizopewa, akafa 1836 bila kusikia lile neno la ahsante. Mfereji ukapitisha mbao na abiria, reli ikaja ikaunyang'anya kazi, ukabaki wa mashua za starehe. Ukakaa hivyo zaidi ya miaka mia, kila baridi unaganda bure, mpaka alipotokea Douglas Fullerton, mwenyekiti wa tume ya mji mkuu wakati huo, akapeleka watu na mafagio na machepeo wasafishe kipande cha barafu karibu na ukumbi wa sanaa. Tarehe 18 Januari 1971. Mafagio, waheshimiwa! Hapakuwa na viroboti.

Yaani mfereji huu umeshabadilishiwa kazi mara nyingi kuliko mimi, nami nimekuwa mwalimu wa chekechea, muuza vitenge na mhudumu wa wazee. Kuuongezea kazi ya kukaliwa si kuuvunjia heshima.

Nina binamu yangu Amsterdam. Mji ule una mifereji kila kona, na kuganda kwa kutelezea ni bahati ya mara moja moja kwa miaka. Ikitokea, jiji linapiga marufuku mashua kwenye baadhi ya mifereji ili barafu isivunjwe, na watu wanaacha kazi wanashuka. Lakini hawakai wakisubiri bahati. Tangu 2012 wana tamasha la taa kila msimu wa baridi: wasanii wanaweka kazi zao juu ya maji na madarajani, na kwa kuwa jua linazama mapema, giza lenyewe linakuwa mtaji. Binamu alinitumia picha: watu wamejaa kingoni, kofia na skafu, mikononi vikombe, na maji yako wazi kabisa, hayana hata kipande cha barafu. Niliitazama nikakumbuka wale kumi na saba.

Siwaombi tamasha, tamasha mnalo. Winterlude ipo, na watoto wanaipenda. Ninachoomba ni kidogo na ni cha kila siku.

Vile vibanda vyenye joto ambavyo watelezaji hubadilishia viatu: acheni viwili vitatu vikae juu ukingoni, na viwe wazi bendera ikiwa nyekundu. Bendera ikiwa ya kijani mtu anapata joto kwa kuteleza, mnamhifadhi kwa kibanda. Ikiwa nyekundu mtu hana joto la kuteleza, na hapo ndipo anapokosa kibanda. Hesabu hiyo hata kwenye darasa letu la Tanga ingekataa.

Benchi zifukuliwe theluji. Si zote. Chagueni chache, mahali ambapo jua la Januari linafika, maana mwezi huo ni la kudonoadonoa: ikikaribia saa kumi na moja jioni limeshakwenda zake. Ziwe za mbao, kwa kuwa chuma kinanyonya joto la mtu mpaka kwenye mfupa. Na ziwe na kizuizi cha upepo upande wa maji, hata cha kioo au cha plastiki ngumu kama vya vituo vya basi, tuweze kuona.

Mwacheni muuza chai na andazi apande ukingoni siku za nyekundu. Anayeuza huwa anaonekana akiwa na watu, na watu huwa wanakaa alipo anayeuza. Hili halihitaji utafiti wa chuo kikuu.

Mtaniambia bajeti. Mimi bajeti yenu siijui, lakini bei ya mbao naijua, na najua kwamba benchi halina betri. Mtaniambia usalama, kwamba mkiwavuta watu karibu na maji siku ya bendera nyekundu kuna mmoja atashuka kujaribu. Hili ni la maana, silidharau, kuna watu wameingia majini. Lakini tazameni anayeshuka ni nani: mara nyingi ni kijana aliye peke yake, jioni, ukingo mtupu, hakuna jicho la mtu. Mweke hapo mabibi wanne na chai yao. Mimi nimelelewa na baraza la mtaa, nawahakikishia hakuna kijana aliyewahi kufanya upumbavu mbele ya mabibi wanne akamaliza.

Na kuna hawa ambao huwa hawaingii kwenye hesabu zenu za watelezaji. Kule kazini tuko wengi: Mkongo, Mrundi, Mkenya, Msomali, Mfilipino. Tunaitana kwa Kiswahili nusu, Kifaransa nusu, Kiingereza kinachobaki. Baridi ya kwanza kila mmoja aliimaliza ndani, kazini na nyumbani, basi na lifti, mpaka Aprili. Mwenzangu mmoja wa Bukavu aliniambia aliishi miaka mitatu mtaa wa pili kutoka mfereji bila kuushukia wakati wa baridi, alidhani ni lazima uwe na viatu vya visu ndipo uruhusiwe. Hakuna aliyemkataza. Na kumbe hata bendera ikiwa ya kijani wanaotembea kwa miguu wanaruhusiwa, mradi wakae pembeni. Nilimpeleka mimi. Alisimama barafuni na buti zake, akachutama, akaweka kiganja chini, akanitazama. "Tuko juu ya maji?" Nikamwambia ndiyo dada, tuko juu ya maji. Akavua glovu aguse vizuri. Kisha akapiga simu ya video kwa mama yake, na mama yake kule Bukavu akaanza kupiga kelele kwamba atoke haraka hapo.

Sasa Bibi. Barua hii nimemsomea jana kwa Kiingereza changu, sentensi baada ya sentensi, akasahihisha mambo mawili. La kwanza, kwamba mwaka 1971 hakuwa na miaka thelathini na kidogo, alikuwa na ishirini na tisa. Nimeliacha juu lilivyo, ila hapa nimelirekebisha ili tusigombane. La pili ni kuhusu benchi. Anasema msije mkasikia habari ya kiti cha magurudumu mkatujengea jukwaa la pekee, upande ule, lenye alama ya buluu, ambako yeye atakaa kama bendera na mimi nikae mita tano nyuma yake. Anachotaka ni benchi la kawaida, na pembeni mwa benchi, si mbele wala nyuma, pengo sakafuni lililofagiliwa theluji, ili kiti chake kiingie, bega lake liwe sawa na la aliyekaa, na chupa ya chai ipite mkono kwa mkono bila mtu kunyanyuka.

Yeye anasema sentimita 80 zinatosha. Mimi nilipima kiti chake kwa utepe wa fundi cherehani, pamoja na blanketi. Wekeni 95.

Wenu mtiifu,
Mtoto wa Tanga, mkazi wa Ottawa